Ule Mstari Mwekundu ni Dhahabu

Mwezi wa tano au wa sita, mvua ikishakatika, njia ya kushuka kilima cha Nyanchwa kuelekea mjini Kisii huwa matope matupu. Huo pia ndio msimu ambao zahanati za huku hujaa. Watoto wamefungwa mgongoni kwa leso, vipaji vya nyuso vinachoma, na kila mama kwenye benchi ana maneno yale yale: "Daktari, mwili ni moto tangu jana usiku." Muuguzi, maana huku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, anachoma kidole cha mtoto, anachukua tone la damu, analiweka kwenye kitundu cha kidude cheupe cha plastiki, anaongeza matone mawili matatu ya maji kutoka kwenye kichupa, kisha anaangalia saa.

"Keti hapo, mama. Dakika kumi na tano."

Unajua kinachofuata. Kwenye kile kidirisha kidogo unyevunyevu unapanda polepole, halafu mstari unatokea. Ukiwa mmoja, pale kwenye herufi C, hakuna malaria. Ikiwa miwili, ipo. Sote tumewahi kuukodolea macho mstari huo, kama si kwa malaria basi kwa Korona au ukimwi, na wengine kwa kipimo cha mimba bafuni, mlango umefungwa, simu imezimwa.

Lakini ni wangapi tumewahi kujiuliza ule wekundu ni kitu gani? Si wino. Si damu ya mtoto. Katika vipimo vingi vya malaria, ule mstari ni dhahabu. Dhahabu ile ile ya pete na mkufu, imekatwakatwa ndogo mno hadi ikaacha kung'aa manjano, ikawa nyekundu, ikaelea kwenye maji bila kuzama. Na safari yake hadi kwenye benchi ya zahanati ni ndefu kuliko unavyodhani. Imepitia kwa mtoto wa mhunzi London, machimbo ya Kakamega na Migori, na miaka mingi ambayo huku kwetu kila homa ilikuwa malaria kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kubisha.

Tuanze na mhunzi, maana Wagusii walikuwa na wahunzi wao kitambo kabla Mzungu hajafika. Chuma kilikuwa jembe, kilikuwa mkuki, na kilikuwa ebitinge, zile pete za miguuni alizovaa mwanamke aliyeolewa kwa taratibu zote. Ukimsikia akitembea, ulijua ni mke wa mtu. Kwa watu wa aina hiyo metali ni kitu unachokijua kwa uzito na kwa mlio. Ungemwambia mhunzi wa zamani kwamba kuna metali inayoelea kwenye maji mwaka baada ya mwaka bila kutua chini, angekucheka na kuendelea kupuliza mivuo yake.

Sasa, mtu wa kwanza kuielewa vizuri metali hiyo alikuwa mtoto wa mhunzi. Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, baba yake akifua chuma. Shule hakuisoma sana. Alifundishwa kazi ya kujalidi vitabu na akawa anavisoma anavyovijalidi, hadi akaishia kuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne yake. Umeme unaowasha taa yako leo unatoka kwenye mitambo inayofuata kanuni aliyoigundua mwaka 1831.

Kufikia mwaka 1856 alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na swali lililomkalia kichwani lilikuwa hili: mwanga ukikutana na metali nyembamba kupita kiasi, nini hutokea? Alichukua karatasi za dhahabu iliyofuliwa, akazifanya nyembamba zaidi kwa kemikali. Katika kuosha vifaa vyake akaona maji ya kuoshea yamegeuka mekundu. Mtu mwingine angeyamwaga. Yeye akayaweka. Baadaye akajifunza kuyatengeneza makusudi: alichukua chumvi ya dhahabu iliyoyeyuka majini, akaitia fosforasi, na fosforasi ikaipokonya ile chumvi dhahabu yake. Dhahabu ikarudi kuwa metali, lakini kwa chembe ndogo ajabu, na maji yakawa na rangi ya rubi.

Atajuaje kwamba ndani kuna chembe, na si rangi tu iliyoyeyuka kama ile ya juisi? Alipitisha mwale wa mwanga. Kama umewahi kukaa kwenye jiko la nyanya mashambani, lenye moshi na paa la mabati lililotoboka tundu la msumari, unalijua jibu: mwale wa jua unaonekana kama fimbo hewani kwa sababu moshi una vijichembe vinavyoupiga mwanga pembeni. Hewa safi haionyeshi kitu. Maji ya Faraday yalionyesha ile fimbo. Dhahabu ilikuwamo humo, imegawanyika tu.

Tarehe 5 Februari 1857 alilieleza jambo hilo mbele ya Royal Society, London. Baadhi ya chupa zake bado zipo pale Royal Institution alikofanyia kazi, na maji yake bado ni mekundu. Zaidi ya miaka 160, na dhahabu haijachoka kuelea.

Mwaka uo huo wa 1857, mwezi wa sita, Waingereza wengine wawili, Burton na Speke, waliondoka Unguja kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Homa iliwaangusha wote wawili mara kwa mara, wakabebwa kwenye machela na wapagazi. Hawakujua homa ile inaletwa na nini. Wakati huo hakuna mtu yeyote duniani aliyejua. Kimelea cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na ushahidi kwamba mbu ndiye mbebaji ulipatikana mwaka 1897. Basi weka picha hizo mbili pamoja: chupa ya maji mekundu kwenye rafu London, na watu wanaotetemeka njiani kuelekea Tabora. Ingechukua zaidi ya karne moja vitu hivyo viwili vikutane.

Faraday aliona jambo lingine ambalo tutalihitaji baadaye. Ukiyatia maji yale chumvi ya kawaida, wekundu unageuka buluu, kisha dhahabu inazama. Chembe zile zimebeba chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo husukumana, kila moja ikikaa mbali na mwenzake. Chumvi inaiua ile chuki kati yao. Zinakaribiana, zinashikana, rangi inabadilika, na mchezo umekwisha. Lakini alipochanganya dhahabu yake na jeli, rangi ilidumu. Kuna kitu kwenye jeli kilichozivika chembe koti.

Aliyelifanyia kazi hilo koti alikuwa Richard Zsigmondy, Mwaustria aliyekuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha vioo huko Jena, Ujerumani. Mwaka 1901 alianza kupima ni protini kiasi gani inatosha kuilinda dhahabu isigeuke buluu ukiitia chumvi. Kisha yeye na Henry Siedentopf wakatengeneza hadubini ya aina mpya, inayomulika kutoka pembeni, na kwa mara ya kwanza macho ya binadamu yakaona kila chembe ikiwaka kama nukta na kuchezacheza bila kutulia. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Naye Gustav Mie, Mjerumani, mwaka 1908 aliandika hesabu inayoeleza wekundu wenyewe. Elektroni za dhahabu kwenye chembe ndogo hivyo huyumba pamoja kama maji kwenye ndoo inayobebwa kichwani, na mwendo wao unameza mwanga wa kijani. Ukiondoa kijani kwenye mwanga mweupe, kinachokufikia ni chekundu.

Mwaka 1908! Ukiutaja mwaka huo Gusii, hakuna atakayekuzungumzia rangi ya dhahabu. Januari mwaka huo Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffrey Northcote. Northcote alipona. Adhabu iliyofuata haikupona mtu kirahisi: nyumba zilichomwa, mifugo ikatwaliwa kwa maelfu, watu wakauawa kwa risasi. Hiyo ndiyo habari ya metali tuliyoletewa mwaka huo. Miaka michache baadaye Waadventista walifungua misheni yao hapa Nyanchwa, na shule zilizochipuka kutoka humo ndizo zilizowafundisha wengi wa babu na nyanya zetu kusoma. Risasi kwanza, kitabu baadaye. Kipimo cha homa kilikuwa bado kabisa.

Tuiache Gusii kidogo, twende jikoni. Maana kutengeneza maji mekundu, ukitazama kwa makini, ni upishi.

Pishi linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 1951 na John Turkevich wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, pamoja na wenzake wawili, na lilitoka kwenye jarida la chama kilichopewa jina la Faraday mwenyewe. Kwanza osha vyombo. Osha kwa mchanganyiko wa asidi kali unaoweza kuyeyusha hata dhahabu, kwa sababu ukungu kidogo tu wa uchafu ukibaki kwenye chupa, chembe zitashikamana nao na pishi litaharibika. Weka maji safi kabisa. Tia chumvi ya dhahabu kidogo hadi maji yawe manjano hafifu, kama chai ya rangi iliyozidiwa maji. Chemsha. Yakitokota, mimina sitreti, ambayo ni jamaa wa karibu wa ile asidi inayofanya limau liwe kali.

Kisha tazama. Umanjano unapotea, maji yanakuwa kama hujatia kitu. Ungedhani umekosea. Baada ya muda mfupi yanaanza kuwa na kijivu chenye ubuluu, yanaingia zambarau, na halafu, ukiwa bado unakoroga, yanakuwa mekundu kama mvinyo. Dakika chache tu, na una mabilioni kwa mabilioni ya vipande vya dhahabu vinavyofanana.

Kilichotokea humo ndani mkulima yeyote wa Kisii atakielewa. Sitreti inaipokonya chumvi atomu za dhahabu, na atomu zilizo huru zinakutana, zinaunda vikundi vidogo. Hivyo vikundi ni mbegu. Mbegu zikishapatikana, atomu zinazobaki hazianzishi mbegu mpya. Zinajiunga na zilizopo, na kila mbegu inanenepa. Sasa fikiria una shamba moja na mbolea gunia moja. Ukipanda mbegu nyingi, kila mhindi utapata kidogo na utabaki mwembamba. Ukipanda chache, kila mmoja utajinyoosha. Dhahabu nayo ni hivyo hivyo. Ukizidisha sitreti, mbegu ni nyingi na chembe zinakuwa ndogo. Ukiipunguza, mbegu ni chache na chembe zinakuwa kubwa. Mwaka 1973 Frens, mtafiti wa Uholanzi, alionyesha kwamba kwa kubadilisha kiasi cha sitreti peke yake unaweza kuchagua ukubwa unaoutaka, kutoka nanomita 16 hadi karibu 150. Na ukitaka chembe zikue zaidi, unazichukua zilizo tayari, unazilisha dhahabu mpya taratibu bila haraka, kama ndama. Zsigmondy alikuwa ameshalijua hilo mapema kwenye karne ya ishirini.

Nanomita ni nini kwani? Chembe ya nanomita 20 ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga 4,000 kwa mstari ndipo utafikia unene wa unywele mmoja. Ndani yake kuna atomu za dhahabu kama robo milioni. Ukiikuza mara mbili kwa upana, hadi nanomita 40, haihitaji atomu mara mbili. Inahitaji mara nane, karibu milioni mbili. Ndiyo maana kukuza kunataka subira.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna dhahabu nyingine tuliyoiacha nyuma.

Enzi za ukoloni, mji wa Kisii ndio uliokuwa makao makuu ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, wilaya kubwa iliyoteremka hadi ziwani na hadi mpaka wa Tanganyika. Kwa hiyo Migori, na mgodi wa Macalder uliotoa dhahabu na shaba, ulikuwa upande huu wa dunia. Kaskazini yetu, Kakamega, dhahabu ilitangazwa mwaka 1931 na watafutaji wa Kizungu wakamiminika kama siafu. Hapo kulikuwa na tatizo dogo la kisheria. Mwaka 1930 tu, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria iliyosema ardhi za hifadhi ni za Waafrika milele, na kipande kikichukuliwa lazima baraza la wenyeji lihusishwe na ardhi nyingine itolewe badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa. Ardhi yenye dhahabu ingeweza kuchukuliwa bila fidia ya ardhi nyingine. "Milele" ilidumu miaka miwili.

Dhahabu hiyo ilipimwa kwa wakia, ikafungwa, ikaenda. Mgodi wa Rosterman huko Kakamega ulifungwa mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya pishi la Turkevich. Macalder ulifungwa mwaka 1966. Kilichobaki ni mashimo, na watu wanaoendelea kuyachimba kwa sururu. Ukienda Migori leo utakuta kina mama wakisaga mawe na kuosha mchanga kwenye beseni, kisha wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu ili iikamate dhahabu. Zebaki inachomwa, dhahabu inabaki, na mvuke unaingia kwenye mapafu na kwenye mishipa ya fahamu ya aliye karibu. Hiyo nayo ni metali kwenye maji. Tofauti ni kwamba hii inaua.

Kwa hiyo miaka ile ile ambayo wenzetu walikuwa wanajifunza kuifanya dhahabu iwe ndogo, huku ilihesabiwa ikiwa kubwa tu. Na homa iliendelea.

Homa ya nyanda za juu ina tabia yake. Kule ziwani watu wanaumwa na mbu mwaka mzima, na mtu mzima anakuwa na kinga kiasi. Kisii ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi humzuia mbu na humchelewesha kimelea, kwa hiyo miaka inaweza kupita kimya. Halafu inakuja mvua nyingi na joto kidogo, na malaria inapanda mlima ikiwakuta watu ambao miili yao haiifahamu. Hapo haichagui mtoto wala mzee. Miaka ya 1990 ilipiga nyanda za juu za magharibi mara kwa mara, Kisii, Nandi, Kericho, na wodi zikawa na wagonjwa wawili watatu kwa kitanda.

Na tulitibu vipi? Kwa kukisia. Hadubini ilikuwapo hospitali kubwa, na ilitaka umeme, rangi za kupaka kwenye kioo, na mtu aliyefunzwa mwenye macho yasiyochoka. Zahanati ya kijijini haikuwa na hata kimoja. Kwa hiyo kanuni ilikuwa rahisi: mtoto ana homa, mpe dawa ya malaria. Sote tulikua na klorokwini, ule uchungu na ile mikono inayowasha. Kimelea kikaizoea klorokwini, na mwaka 1998 Kenya ikahamia dawa za kundi la Fansidar. Kikaizoea nayo. Mwaka 2004 ikaamuliwa tuhamie dawa mseto zenye artemisinini, ambazo ni ghali zaidi. Na humo katikati kulikuwa na watoto ambao homa yao haikuwa malaria hata kidogo. Ilikuwa nimonia, au homa ya matumbo, au uti wa mgongo. Walimezeshwa vidonge vya malaria, wakarudishwa nyumbani. Hesabu yao hakuna aliyeiandika, kwa sababu kwenye daftari waliingizwa kama malaria.

Hapo ndipo chupa ya Faraday inapofika.

Kumbuka lile koti la protini. Mwaka 1971 watafiti wawili, Faulk na Taylor, walizivika chembe za dhahabu kingamwili, zile protini ambazo mwili hutumia kutambua adui, ili kuzitumia chini ya hadubini ya elektroni. Kingamwili inang'ang'ania dhahabu, inailinda isishikane na wenzake, na bado mikono yake iko huru kukamata kile inachokitafuta. Miaka ya 1980 wazo hilo lilihamia kwenye vipimo vya kawaida vya maabara na vya mimba. Miaka ya 1990 likafika kwenye malaria.

Inafanya kazi hivi. Kimelea hatari zaidi cha malaria, ambacho ndicho kingi huku kwetu, humwaga kwenye damu protini inayoitwa HRP2. Ndani ya kile kidude cheupe kuna kipande cha karatasi maalumu, na mwanzoni mwake chembe za dhahabu zimekaushwa zikisubiri, zimevaa kingamwili za HRP2. Yale maji ya kichupa yanaziamsha. Zinasafiri na damu kwenye karatasi. Kama HRP2 ipo, zinaikamata na kuibeba. Mbele kuna mstari wa kingamwili zilizogandishwa ambazo nazo zinaitaka HRP2 ile ile. Inanaswa katikati, dhahabu upande mmoja na mstari upande mwingine. Chembe moja huwezi kuiona. Mamilioni yakinaswa mahali pamoja, wekundu unatokea. Chembe zinazopita zinanaswa na mstari wa pili, ule wa C, unaosema tu kwamba kipimo kimefanya kazi.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, wa umri wowote, na mwongozo wa Kenya wa mwaka huo ukasema vivyo hivyo. Katika miaka iliyofuata vidude vile vyeupe vilifika zahanati za vijijini, hadi kwenye mikoba ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Hakuna umeme unaohitajika. Hakuna hadubini. Dhahabu iliyomo ni kidogo hata mizani ya sonara wa River Road haiwezi kuihisi.

Si kwamba hadithi imeisha vizuri. HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mstari unaweza kusema "ipo" wakati imeshaondoka. Mbaya zaidi, kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, na hivyo havionekani na dhahabu. Viliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, kisha vikajitokeza Pembe ya Afrika, na Eritrea ikalazimika kubadilisha vipimo vyake. Tena vipimo vyenyewe vingi vinatoka India na Korea Kusini. Sisi tuliotoa dhahabu kwa wakia tunainunua kwa nanomita. Ukweli ni kwamba pishi lake si siri; limechapishwa tangu 1951, na mwanafunzi wa kemia mwenye vyombo safi anaweza kulipika asubuhi moja. Kinachotuangusha ni vile vingine: kingamwili, karatasi, viwanda, na serikali zinazokubali kununua cha nyumbani. Hilo swali ni letu sasa, si la Faraday.

Lakini kuna kazi moja ambayo hakuna kiwanda kitatufanyia. Rudi kwenye benchi. Dakika 15 zimepita. Muuguzi anakiinua kidude, anakielekeza dirishani, anamwonyesha mama.

"Mstari ni mmoja, mama. Si malaria. Tumsikilize kifua."

Hapo ndipo mara nyingi tunakosea. Kwa miaka mingi tulifunzwa kwamba homa ni malaria, na mtu akiambiwa "hakuna" anahisi amenyimwa. Wengi wanashukuru kwa heshima, wanapita kwa kemisti pale Daraja Mbili na kununua dawa ya malaria hata hivyo. Kumbe jibu lenye faida kubwa zaidi kwenye kidirisha kile ni lile la nafasi tupu, mahali ambapo dhahabu imepita na haikukuta cha kukamata. Ile nafasi tupu ndiyo inayomfanya mtu amwekee mtoto sikio kifuani, asikie nimonia mapema.

Miaka 160 na ushee ya watu kukaa na chupa ya maji mekundu imetuletea hilo tu: uwezo wa kuambiwa hapana, na sababu ya kuamini. Siku mama atakapokubali kukaa na mtoto apimwe kifua badala ya kushuka sokoni kununua vidonge, dhahabu itakuwa imelipa deni lake Kisii, angalau sehemu.

Ukikipata kile kidude, usikitupe haraka. Kielekeze kwenye mwanga kwanza.